Mkutano wa Kutia Sahihi Si Mkutano

Ndugu wafanya kazi,

Leo sisemi juu ya mishahara. Wa kusema juu ya mishahara wapo, na wataandika. Mimi nataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu hulicheka, nalo ni mikutano ya kaunti, ile iitwayo ushirikishwaji wa umma. Nasema ya kwamba tunaibiwa katika mikutano hiyo, na mimi mwenyewe nilimshikia mwizi mfuko.

Mambo yalikuwa hivi. Nyumba zetu za landhi ziko upande wa chini wa reli. Mvua ikinyesha, maji yote ya sokoni hushuka kwetu, kwa kuwa mtaro wa juu umezibwa, na kalvati iliyo chini ya barabara ni ndogo na imejaa mchanga. Maji yafikapo milangoni petu yamekwisha kupita vyooni. Watoto huugua tumbo kila masika. Mwaka mmoja tulimzika mtoto wa jirani yangu, umri wake miaka mitatu. Sitaeleza zaidi, kwani babaye husoma karatasi hii.

Basi tukasikia kuna mkutano wa bajeti ya wadi. Tangazo lilibandikwa ukutani kwa ofisi ya chifu Jumatatu jioni, na mkutano wenyewe ni Jumanne saa nne asubuhi. Je, mtu wa kazi aweza kufika wapi Jumanne saa nne? Mimi nilifika kwa sababu nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Nilikaa chini ya hema macho mekundu, viti vya mbele vikiwa vya wageni. Bwana mmoja wa kaunti akafungua kitabu cha Kiingereza, kurasa zaidi ya 200, nacho kilikuwa kimoja tu kwa watu wote tuliokuwapo. Akasoma saa moja na nusu. Kisha akatazama saa yake, akasema, “Wakati umetubana, tutachukua maswali matatu tu.” Wa kwanza kuitwa alikuwa kijana ambaye hutembea na mwakilishi wa wadi, na swali lake lilikuwa shukrani. Wa pili naye akashukuru. Wa tatu alikuwa mzee aliyeuliza habari za hati ya shamba, akaambiwa hiyo ni kazi ya serikali kuu, keti mzee. Mama mmoja wa landhi yetu alikuwa ameinua mkono tangu mwanzo. Hakuonekana. Aliushusha mkono wake mwenyewe.

Halafu ikaja soda na mkate, na orodha. Jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Tukaambiwa nauli ya shilingi 200 italipwa kwa kufuata orodha. Nikatia sahihi, nikapokea shilingi 200, nikaenda kulala.

Baada ya miezi kadhaa karani wa tawi letu akapata ripoti. Nyuma kabisa zimeandikwa sahihi zetu, na mimi ni wa 41. Juu ya majina hayo imeandikwa ya kwamba wakazi wa wadi walijadiliana na kukubaliana fedha zijenge ukuta na geti la uwanja wa michezo. Mtaro haumo. Kalvati haimo. Uwanja wenyewe hauna hata nyasi, lakini utakuwa na geti, na geti hilo limeidhinishwa na mimi!

Ndugu zangu, nilipokuwa mtoto nilisoma katika shule ya misheni mpaka darasa la nane, karo ya kuendelea ikakosekana. Pale tulifundishwa katekisimu. Swali limeandikwa, na jibu limeandikwa chini yake. Kazi ya mtoto ni kulitamka jibu. Kwa mambo ya dini siteti, padre alikuwa na haki yake. Lakini bajeti si katekisimu. Bwana wa kaunti ajaye na swali na jibu katika kitabu kimoja hakuja kutuuliza neno, amekuja kutusikilizisha.

Sasa sikieni sheria yasemaje, maana kuna watu wadhanio kuwa mikutano hii ni hisani ya gavana. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 10, yahesabu ushirikishwaji wa wananchi kuwa moja ya maadili ya utawala. Kifungu cha 196 chaiamuru bunge la kaunti kuwashirikisha watu katika kazi zake. Kifungu cha 201 chasema hivyo hivyo juu ya fedha. Kifungu cha 7 chasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza, basi yule bwana na kitabu chake cha Kiingereza peke yake ajibu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa maandishi, na wakuu wa kaunti wana wajibu wa kulijibu upesi. Tena sheria hiyo yaamuru kila kaunti iwe na mafunzo ya uraia na ofisi ya kuyaendesha. Mmekwisha kuiona ofisi hiyo? Mimi bado.

Wala msiambiwe ya kuwa haya ni maneno ya karatasi tu. Mwezi wa Aprili 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa kwa kadiri itoshayo. Jaji alikataa ushirikishwaji wa kutimiza desturi tu. Sheria nzima ya kodi ilianguka, si kwa bunduki wala kwa mgomo, bali kwa kuwa watu hawakuulizwa vizuri. Hapo ndipo mjue kwa nini zile sahihi zetu zatafutwa kwa soda. Ni kinga yao wakishtakiwa.

Nimelisema neno hili katika tawi letu mara nyingi, na kila mara nimepingwa. Yafaa niwajibu wapinzani wangu hapa, kwa kuwa mkutanoni hupiga kelele kuliko mimi.

Wako wasemao, “Mambo ya kaunti si kazi ya chama. Chama ni cha mshahara na saa za kazi.” Nawauliza, mshahara huo wauweka wapi? Tulipigania nyongeza, tukaipata, nami niliifurahia kama ninyi. Nyongeza yangu yote ya mwezi huishia kwa muuza maji wa mkokoteni na katika duka la dawa. Tajiri atia mfuko wa kulia, mtaro mchafu watoa mfuko wa kushoto. Tena sheria yenyewe imetuita kwa jina. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, kifungu cha 137, imeweka katika kila kaunti baraza la bajeti na uchumi. Mwenyekiti wake ni gavana, na wamo mawaziri wake wa kaunti, na pamoja nao watu wasio maofisa wa kaunti, idadi yao sawa na hao mawaziri, waliopendekezwa na vyama vya wataalamu, vya biashara, vya wafanya kazi, vya akina mama, vya walemavu, vya wazee na vya dini. Wafanya kazi wamo! Kaunti ni 47, kwa hiyo hata tukihesabu kimoja tu kila kaunti, viti vyetu ni 47. Nani amekalia kile cha kaunti yako? Nilikwenda ofisini kuuliza juu ya cha kwetu, na bwana niliyemkuta aliniuliza, “Baraza gani?” Na chama chetu je, kilipeleka jina? Hakikupeleka. Viongozi wetu wasikasirike na mimi kwa kusema. Hakikupeleka.

Wengine ni vijana, na hao nawapenda, lakini wamekosea. Wao wasema twende tukavunje hema, tupige kelele mpaka yule bwana akimbie na kitabu chake. Haya, atakimbia. Na jioni ataandika ya kwamba wakazi wa wadi walifanya fujo, wakapoteza nafasi yao, na geti litajengwa vile vile. Mwaka 1947, mwezi wa Januari, wafanya kazi wa Mombasa waligoma kuanzia tarehe 13, watu wa bandari na watu wa reli pamoja. Walikutana kila siku katika uwanja wa Kiembeni, maelfu ya watu wa makabila mengi, na wakapaita Ofisi ya Maskini. Maelfu ya watu hawakutani siku kumi na zaidi, wakasikilizana, kwa kelele. Yupo aliyejua kuendesha mkutano pale. Ujuzi huo tulikuwa nao, na sasa tumeuacha ulale.

Kuna na wale wasemao, “Ngoja waje wataalamu watufundishe.” Nimewahi kuitwa katika mafunzo yao, siku tatu hotelini, nikapewa cheti na mkoba. Sisemi sikupata kitu. Nilijifunza ya kwamba kuuliza swali ni kazi ngumu kuliko kutoa hotuba, na hilo ni neno la kweli. Lakini mafunzo yenyewe yalikuwa juu ya wananchi, na wananchi hawakuwamo hotelini. Na tena, elimu hii si ngeni hapa. Miaka ya 1970 Anne Hope na Sally Timmel waliendesha katika majimbo ya Kanisa Katoliki hapa Kenya mafunzo yaitwayo DELTA, ya kuwafanya watu wadogo waseme shida zao wenyewe na kutafuta sababu zake. Kitabu chao kilitolewa Zimbabwe mwaka 1984. Waliofundishwa wengine wangali hai, ni wazee wa parokia. Waulizeni hao, hawatadai hoteli.

Sasa niwaambie tulivyofanya sisi, na makosa yetu.

Baada ya aibu ya ile orodha niliomba tawi linipe Jumapili moja, watu wa landhi wakutane saa nane mchana, baada ya ibada na kabla ya zamu ya usiku. Walikuja watu 50 na kitu. Mimi nikasimama, nikawaeleza Katiba, nikawaeleza bajeti, nikawaeleza kalvati. Nilidhani nasema vizuri sana. Nilipomaliza, bibi mmoja auzaye samaki akaniambia mbele ya wote, “Mwanangu, umesema saa nzima. Una tofauti gani na yule wa kitabu?” Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilitamani kurudi stesheni.

Lakini bibi yule alinifunza kazi. Mimi ni mtu wa pointi, na kwenye njia moja tunajua ya kuwa dereva haondoki stesheni mpaka apewe kibali mkononi ya kwamba njia ya mbele iko tupu. Treni mbili hazikai katika sehemu moja. Jumapili ya pili nilileta kipande cha mti. Aliyekishika ndiye asemaye, na asiyekishika anyamaze, hata akiwa mwenyekiti wa tawi. Akimaliza, hamrudishii mkubwa, bali humpa ambaye bado hajasema. Mwenyekiti wetu alikasirika siku hiyo, maana kipande hakikumfikia kwa dakika arubaini. Alipokipata alisema maneno machache, na yalikuwa bora kuliko yote niliyowahi kusikia kwake.

Hata hivyo akina mama hawakusema mbele ya waume zao, walikipokea kile kipande na kukipitisha tu. Ikatubidi wakae peke yao chini ya mwembe, na yule mama aliyenyimwa nafasi kwenye hema ndiye aliyewaongoza. Waliporudi tukaona ajabu. Sisi wanaume tulikuwa tumetaja taa za barabarani, uwanja na mtaro. Wao walitaja mtaro, kisha bomba la maji, kisha jambo ambalo hakuna mwanamume hata mmoja aliyelifikiri: kivuko salama cha reli, mahali watoto wavukapo kwenda shule. Na sisi ndio watu wa reli! Nilitazama viatu vyangu.

Ili tusigombane kuhusu lipi litangulie, tulichora ramani ya landhi mchangani, nyumba kwa mawe, reli kwa vijiti, maji kwa majivu. Kila mtu akapewa punje tatu za maharagwe, aziweke palipo na shida kubwa kwake. Maharagwe hayajui nani nyapara na nani kibarua. Mtaro ulishinda kwa mbali. Kisha tukautembelea kwa miguu tangu sokoni hadi landhi, fundi mmoja wa njia akapima upana wa kalvati kwa futi yake, tukaandika. Maandishi yalisomwa kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, na bibi wa samaki akasahihisha mahali pawili. Huyo hajui kusoma, lakini alisahihisha.

Hiyo ndiyo kazi ya kuongoza mkutano wa watu. Ni kazi ya kunyamaza kwa wakati wake, ya kuuliza na kungoja jibu, ya kumzuia mwenye sauti kubwa bila kumtia haya, ya kuandika lile lililosemwa wala si lile ulilolitaka. Sisi wa chama tuna watu wanaofaa kuliko wote. Mwakilishi wetu wa kazini husikia malalamiko ya vibarua kila siku, akayapanga, akayapeleka kwa bwana mkubwa, akarudi na jibu. Kuna wadi 1,450 katika nchi hii. Wafanya kazi wenye chama wakaa katika ngapi kati ya hizo?

Mwaka uliofuata hatukungoja tangazo la ukutani. Jifunzeni tarehe hizi kama mnavyojua siku ya mshahara. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha hupelekwa kabla ya 28 Februari. Makadirio ya bajeti hupelekwa kabla ya 30 Aprili, na 1 Julai mwaka mpya wa fedha waanza. Mtu ajaye mwezi wa Mei kupiga kelele juu ya mtaro amekuja treni imekwisha kuondoka. Sisi tulipeleka ombi letu kwa maandishi mwezi wa Agosti, ukurasa mmoja wa Kiswahili, na nakala tukaigongesha muhuri wa kupokelewa. Msisahau muhuri.

Hema lilipopigwa tena tulikwenda watu 34, wasemaji watatu tu, mmoja wao yule mama. Yule bwana alisoma kama desturi yake. Lakini orodha ilipokuja, tulisema hatutii sahihi mpaka maamuzi yasomwe kwa Kiswahili na kuandikwa juu ya orodha ile ile. Akasema basi na nauli hakuna. Sitawaficha, watu 9 wetu walitia sahihi. Siwalaumu sana, mwezi ulikuwa umekonda. Waliobaki walisimama jua likiwapiga, na mwisho bwana akaandika. Mtaro uliingia katika mpango. Kalvati haikuingia, waliambiwa barabara ile ni ya serikali kuu, na ombi la pili limekwenda huko. Kivuko nacho ni juu yetu kukidai kwa tajiri wetu wenyewe, na hilo twalianza mwezi huu.

Wala mtaro haujachimbwa. Umeandikwa tu, na mimi nimekwisha kuona yaandikwayo. Katika Kaunti ya Makueni mikutano huanza vijijini na kupanda mpaka kaunti, na watu huchagua kamati ya kuusimamia mradi wao hata umalizike. Sisi tumechagua kamati ya watu watano, wawili wa chama na watatu wasio wa chama, mwenye ufunguo wa sanduku la karatasi akiwa bibi wa samaki.

Kwa hiyo nalitaka tawi lipitishe mambo haya katika mkutano mkuu. Chama kipeleke jina la mtu wetu katika baraza la bajeti na uchumi la kaunti, mtu atakayerudi kutueleza, si wa kwenda kunywa chai. Kila mwakilishi wa kazini afunzwe kuongoza mkutano, na mafunzo yafanyike landhi mchangani, si hotelini. Na mwanachama yeyote asitie sahihi katika orodha ambayo juu yake hapana neno lililoandikwa.

Waliotayari kujifunza waandikishe majina kwa karani wa tawi kabla ya Ijumaa. Tunaanza Jumapili saa nane, chini ya mwembe, na wa zamu ya usiku wataachiliwa mapema. Kila mtu aje na kigoda chake na punje tatu za maharagwe. Soda hakuna.

Wenu katika chama,
Mtu wa Pointi